Kurudi Kuuliza

Mama mkubwa aliyahifadhi madaftari ya mwanawe ndani ya debe lililokatwa mdomo, chini ya kitanda, pamoja na hati ya mauziano ya shamba na kadi za kliniki za watoto ambao leo nao wana watoto. Yalikuwa madaftari saba ya shule, yale membamba yenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma. Juu ya kila moja liliandikwa jina la kaka yangu. Chini ya jina, mahali ambapo mwanafunzi huandika Hisabati au Jiografia, muuguzi alikuwa ameandika neno moja kwa kalamu ya bluu: Akili.

Nyumba yao iko juu ya Mkuyuni, upande wa mashariki wa milima ya Uluguru, ule unaopokea mvua inayotoka baharini. Ukitoka Morogoro mjini unapita Bigwa, unapita Kiroka, barabara inazunguka miguu ya milima, na ukikaribia Mkuyuni unaanza kuona mananasi yaliyopangwa kando ya njia, mikungu ya ndizi, machungwa kwenye viroba. Kutoka hapo kwenda nyumbani unapanda kwa miguu au kwa bodaboda, na masika yakikolea ni kwa miguu tu. Nimeanza na njia kwa sababu utafiti wa magonjwa ya akili katika mkoa wetu, na tiba yake pia, kwa sehemu kubwa umekuwa habari ya njia: nani alipanda, nani alishuka, nani alirudi.

Kaka aliugua akiwa na miaka 20. Alianza kwa kukosa usingizi. Usiku wa manane tulisikia jembe shambani. Baadaye akawa anajibu watu ambao sisi hatukuwaona, tena anawajibu kwa adabu, kama mtu anayeulizwa maswali na wakubwa wake. Siku alipokataa chakula cha mama yake akisema kimetiwa sumu, kikao kiliitwa. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na neno la mjomba ni zito kuliko la baba. Mjomba alifika, akaketi kwenye kigoda, akasikiliza mpaka mwisho.

"Dada, huyu kijana amechezewa," alisema. "Tumpeleke kwa mtaalamu kwanza. Hospitali ipo tu, haihami."

"Nimekusikia, kaka," mama mkubwa akajibu. "Ila mwezi huu ukiisha hajalala, nitashuka naye mimi."

Mwezi uliisha hajalala. Ndipo lilipoanza daftari la kwanza.

Dawa aliyopewa ni ile inayoitwa sindano ya mwezi. Flufenazini huchanganywa kwenye mafuta, na ikishadungwa kwenye msuli wa tako hujiachia kidogo kidogo kwa wiki tatu au nne. Imetengenezwa hivyo kwa ajili ya mtu ambaye vidonge vya kila siku vitamshinda, au atavitema. Uzuri wake ni huo, na udhaifu wake uko hapohapo: kila baada ya wiki nne lazima mtu huyo awe mbele ya muuguzi mwenye chupa mkononi.

Nilipoyapata madaftari hayo nilichukua karatasi nikapanga tarehe zote kwa mstari. Januari ipo, Februari ipo, Machi ipo. Aprili hakuna, Mei hakuna. Juni ipo, na mwandiko wake ni wa mtu mwingine: "Ameletwa na ndugu wanne. Amefungwa kamba." Mwaka uliofuata ni hivyohivyo, pengo la masika na kisha kamba. Mwaka wa tatu pengo liko Agosti, wakati wa kiangazi njia ikiwa kavu kabisa, na maelezo yake ni mafupi: "Dawa hakuna. Arudi baada ya wiki mbili." Nauli mbili, siku mbili za kazi, milima mara mbili, na mgonjwa ambaye sauti zinamwambia kuwa mama yake ni adui.

Watafiti wana jina la jambo hili, ufuatiliaji. Mama mkubwa aliliita kushuka. Yalipokaa mezani mwangu majuma kadhaa, yale madaftari yalinifundisha kuyasoma makala ya kitaalamu kwa jicho jingine. Nilizoea kudhani kwamba swali kubwa la utafiti wa akili ni "Huyu ana nini?" Swali hilo ni gumu, silidharau. Lakini liko lingine ambalo limeulizwa mara chache sana katika nchi yetu, na kila lilipoulizwa kwa dhati lilituonyesha mambo ambayo la kwanza halikuweza kuyaonyesha: yule mliyemtibu mwaka ule, yuko wapi leo?

Kwa miaka mingi waliotutawala hawakuwa na nia ya kuliuliza. Nia yao ilikuwa kumwondoa mgonjwa njiani. Wajerumani walikuwa na Lutindi, katika milima ya Usambara, ambako wamisionari wa Betheli walifungua kituo mwaka 1896 kwa ajili ya watoto waliokombolewa utumwani, na kuanzia 1904 kikawa kinapokea wagonjwa wa akili. Waingereza walijenga Mirembe, Dodoma, mwaka 1927. Reli ya Kati ilikuwa imefika Morogoro tangu 1907, kwa hiyo mgonjwa kutoka Uluguru alishushwa mlimani, akapandishwa behewani, akaenda zake Ugogoni kwenye nchi kavu, kwa watu asiojua lugha yao. Wengine walirudi. Wengine nyumbani walibaki jina tu. Mirembe leo ni hospitali ya taifa ya afya ya akili na imewarudishia uhai watu wengi, lakini masikioni mwa Watanzania jina lake limebeba mzigo wa miaka ile. Watoto wanatukanana kwalo. Hata mtu mzima akitaka kumkata mwenzake kauli humwambia, "Wewe wa kupelekwa Mirembe." Tusi hilo lisingekuwa na makali kama safari ile ingekuwa na tiketi ya kurudi.

Tukumbuke pia kwamba hadi katikati ya karne iliyopita hapakuwa na dawa ya kweli ya wazimu popote duniani. Kloropromazini, ya kwanza katika dawa za kutuliza sauti na fikra potofu, ilijaribiwa Paris mwaka 1952 na Jean Delay na Pierre Deniker. Kabla ya hapo ukuta na ufunguo vilikuwa ndiyo tiba, Ulaya kama Dodoma.

Kifafa ni habari nyingine. Dawa yake ilikuwepo mapema. Mwaka 1912 daktari wa Kijerumani, Alfred Hauptmann, alionyesha kwamba fenobabitoni, kidonge cha kuleta usingizi, inazuia degedege la kifafa. Ni kidonge kidogo na cha bei nafuu mno. Kwetu kifafa hutibiwa kwenye kliniki ya akili, na muuguzi wa akili ndiye anayekigawa kidonge hicho. Kwa hiyo mtu yeyote anayetaka kuijua historia ya tiba ya akili mkoani Morogoro hana budi kuanzia kwenye kifafa, na kifafa kitampeleka kusini, ng'ambo ya mto Kilombero, hadi Mahenge.

Louise Aall alikuwa daktari kijana kutoka Norway. Alikuja Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950 kujifunza magonjwa ya nchi za joto, wakati Waswisi walikuwa wamefungua maabara yao Ifakara. Huko milimani kwa Wapogoro alikutana na jambo ambalo hakulitarajia. Watu wenye kifafa walikuwa wengi kupita alivyowahi kusoma kokote, na wengi wao walikuwa wamefichwa. Walikula peke yao, kwa chombo chao. Waliaminika kuambukiza kwa mate, kwa povu, hata kwa hewa inayowatoka wakati wa kuanguka. Mtu akianguka motoni, walio karibu walisita kumshika. Daktari alizoea kuona makovu ya moto: vidole vilivyogandana, mguu uliokatika, uso wa mtoto uliokunjamana upande mmoja.

Mwaka 1960 alifungua kliniki ya kifafa Mahenge. Alitoa fenobabitoni, akaandika majina, akaandika idadi ya mianguko ya kila mmoja kwa mwezi. Aliandika pia juu ya watoto waliokuwa wakiinamisha kichwa mara kwa mara kama wanaosinzia, wengine wakiwa kwenye sahani ya chakula. Watu wa Mahenge walikuwa na jina lake tayari, kusinzia kichwa, na walijua kwamba mtoto wa namna hiyo mara nyingi huja kupata kifafa kamili. Ilichukua muda mrefu kabla dunia haijashtuka, watoto wa aina hiyo walipojitokeza kwa wingi Sudan Kusini na kaskazini mwa Uganda. Wapogoro walikuwa wamekwisha kuona, na mtu mmoja alikuwa amekwisha kuwasikiliza na kuandika.

Baadaye aliolewa, akajulikana kama Louise Jilek-Aall, akasomea magonjwa ya akili na kuishi Kanada. Angeweza kuishia hapo. Makala yake ya mwaka 1965 juu ya kifafa kwa Wapogoro ilikuwa imempa heshima, na mwaka 1979 aliandika kitabu cha kumbukumbu zake za udaktari Afrika. Lakini alirudi. Yeye na daktari wa Kitanzania, Henry Rwiza, waliwatafuta wagonjwa wa kliniki ile ya awali, mmoja mmoja, kijiji kwa kijiji, baada ya miaka 30. Matokeo yalichapishwa mwaka 1992, na kwangu mimi ni moja kati ya kurasa nzito kuliko zote zilizowahi kuandikwa juu ya tiba katika mkoa huu.

Wagonjwa walikuwa 164. Katika miaka ambayo walipata dawa mfululizo, zaidi ya nusu yao waliacha kabisa kuanguka, na wengine wengi walianguka mara chache kuliko zamani. Hiyo ni dawa ya zamani, ya bei rahisi, ikigawiwa mlimani bila mashine yoyote ya kupima ubongo. Hakuna hospitali ya Ulaya ya wakati ule ambayo ingeona aibu kwa matokeo hayo. Sasa njoo kwenye safu ya pili. Miaka 30 baadaye, 110 kati yao walikuwa wamekufa. Wengi wao hawakufa kwa uzee wala kwa malaria. Zaidi ya nusu ya vifo vilihusiana na kifafa chenyewe: mwanguko mmoja unaoungana na mwingine bila mtu kuzinduka, kuzama mtoni, kuungua.

Nimeurudia ukurasa huo mara nyingi. Kama Jilek-Aall angeandika baada ya miaka miwili, tungesoma habari ya ushindi mtupu. Kwa sababu alirudi baada ya 30, tunasoma ukweli mzima: kwamba dawa inafanya kazi, na kwamba mtu hufa kwenye mapengo.

Hili la mapengo lina sababu zake mwilini. Fenobabitoni inaongeza nguvu ya breki za asili za ubongo, zile zinazozuia chembe zisiwake zote kwa pamoja. Ubongo ukishazoea breki hiyo ya nyongeza, kuiondoa ghafla ni hatari kuliko kutoiweka kabisa. Chembe zinawaka kwa hasira, na mgonjwa anaweza kuingia kwenye kifafa kisichokatika. Mwezi mmoja wa stoo tupu, au daraja moja lililozolewa na mto, unaweza kumuua mtu ambaye kwa miaka mitano hakuwahi kuanguka. Ndiyo maana yale maneno "Dawa hakuna, arudi" yananitia baridi kila niyaonapo kwenye daftari la mtu.

Rwiza na wenzake walichapisha kazi nyingine mwaka huohuo wa 1992. Walichagua vijiji 11 vya wilaya ya Ulanga, ile yenye Mahenge, wakawapeleka wanafunzi wa udaktari wa mwaka wa nne pamoja na wauguzi wa magonjwa ya akili na mishipa ya fahamu, nyumba kwa nyumba, kwa watu wapatao 18,000. Waliohisiwa kuwa na ugonjwa walionwa na daktari bingwa. Walipatikana 207 wenye kifafa. Kwa wastani, watu 10 katika kila 1,000 walikuwa na kifafa kinachoendelea, lakini wastani huo unaficha jambo. Kulikuwa na kijiji chenye watu 5 katika 1,000, na kijiji kingine chenye 37. Wilaya moja, kabila karibu lile lile, chakula kile kile. Kwa nini?

Jibu moja, ambalo limezidi kupata nguvu, linaruka kwa mbawa. Usubi, inzi mdogo mweusi anayezaliana kwenye maji yaendayo kasi, hubeba minyoo inayoleta ugonjwa ambao sisi pia tunauita usubi, ule wa ngozi kuwasha na macho kupofuka. Tangu Andrea Winkler na wenzake walipowachunguza wagonjwa 62 wanaosinzia kichwa huko Mahenge na kuchapisha mwaka 2008, watafiti wameendelea kuona kwamba kifafa kimejaa mahali ambapo minyoo hiyo imejaa. Namna minyoo inavyouvuruga ubongo bado inabishaniwa. Hatua ya kuchukua haibishaniwi: dawa ya ivermektini, inayogawiwa kijijini na wanakijiji wenyewe, kipimo chake kikipatikana kwa kumsimamisha mtu kando ya fimbo yenye alama za urefu. Mito ya Uluguru nayo imo kwenye ramani ya usubi nchini. Vijana wa kwetu wanaposimama kando ya fimbo ile hudhani wanalinda macho tu. Ningependa waambiwe waziwazi kwamba huenda wanalinda na akili za wadogo zao.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 serikali, pamoja na Shirika la Afya Duniani na shirika la misaada la Denmark, DANIDA, ilianzisha mpango wa taifa wa afya ya akili. Mikoa miwili ilichaguliwa kuwa ya majaribio: Kilimanjaro na Morogoro. Nadhani watu wa mkoa wetu wengi hawajui kwamba wazo la kuitoa tiba ya akili Mirembe na kuipeleka zahanati lilijaribiwa kwetu. Lilikuwa wazo la wakati wake, wakati wa vijiji na zahanati za ujamaa, miaka michache baada ya mkutano wa Alma-Ata wa 1978. Mtumishi wa zahanati, ambaye hakuwa daktari, alifundishwa kutambua magonjwa machache makubwa na kutumia dawa chache, na muuguzi wa akili kutoka ngazi ya juu yake alimtembelea, akakaa naye na kupitia wagonjwa wake. Kulikuwa pia na vijiji vya kilimo vya wagonjwa, kama Vikuruti karibu na Dar es Salaam, ambako mgonjwa aliishi akilima badala ya kufungiwa. Wazo hilo lilikaribiana na lile la Adeoye Lambo wa Nigeria, ambaye tangu 1954 kule Aro aliwalaza wagonjwa majumbani mwa wanakijiji wakiwa na ndugu zao.

Tathmini ya mpango ilichapishwa mwaka 1991, na kilichobaki kutoka kwake ni kikubwa: kliniki ya akili kwenye hospitali za mkoa na wilaya, muuguzi wa akili kama kada inayojulikana, na lile neno la bluu kwenye madaftari ya kaka yangu. Kilichopungua ni ile ziara ya kutoka juu. Madaktari bingwa wa akili Tanzania bado ni wa kuhesabika kwa makumi, katika nchi ambayo sensa ya 2022 iliikuta na watu zaidi ya milioni 61. Mradi wa wafadhili una tarehe ya kufungwa. Ugonjwa wa kaka hauna.

Nirudi kwa mjomba, kwa sababu sitaki msomaji abaki akimwona kama mtu aliyechelewesha tiba. Mwaka 2003 Ngoma na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika Dar es Salaam, mjini kabisa, si mlimani. Waliwahoji watu waliokwenda zahanati na watu waliokwenda kwa waganga wa kienyeji, kwa maswali yale yale ya Kiswahili. Zahanati, asilimia 24 walikuwa na sonona, hofu au maradhi ya jamii hiyo. Kwa waganga, asilimia 48. Wenye maumivu ya moyo walikuwa wamejipanga kwenye foleni ya mganga mara mbili zaidi. Tunaweza kuwalaumu, au tunaweza kuuliza mganga anawapa nini. Anawapa muda. Anauliza habari za ukoo. Anasema ugonjwa una mwanzo na una jina, na anawaita ndugu wote wakae pamoja. Mjomba hakuwa mjinga. Alikwenda mahali ambapo alijua atasikilizwa.

Na kusikilizwa kunategemea maneno. Hii ni sehemu ya utafiti ambayo sisi wa Kiswahili tungepaswa kuionea fahari zaidi. Sylvia Kaaya wa Muhimbili na wenzake walitumia miaka mingi kupima kama dodoso lililotungwa Marekani linamkamata kweli mwanamke wa Dar es Salaam mwenye sonona, hasa mjamzito aliyetoka kupewa habari kwamba ana virusi vya Ukimwi. Baadaye walikwenda mbali zaidi wakatunga dodoso kutokana na maneno ya wanawake wenyewe. Kwa maana mwanamke wa kwetu hasemi "Nina sonona." Mama mkubwa, mwaka ule wa kamba ya kwanza, alisema mawazo yanamwandama. Alisema kifua kimejaa, usingizi unamkimbia, mwili umelegea kama wa mtu aliyetoka homa. Zahanati walimpima malaria. Haikuwepo, akapewa dawa ya maumivu akarudi nyumbani. Hakuna aliyemuuliza moyoni ana nini. Kule Harare, Dixon Chibanda aliwafundisha bibi wa mitaani kuketi kwenye benchi na watu wanaosumbuliwa na kile ambacho Washona wanakiita kuwaza kupita kiasi, na utafiti wa 2016 ulionyesha kwamba maongezi hayo ya mpangilio yanapunguza dalili za sonona. Mkuyuni bibi tunao. Benchi tunazo, chini ya miembe.

Kuna utafiti mwingine wa kurudi kuuliza ambao umenifariji, ingawa wataalamu wanabishana juu yake hadi leo. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Shirika la Afya Duniani liliandikisha wagonjwa 1,202 katika nchi tisa, wengi wao wakiwa na skizofrenia, kisha likawafuatilia. Baada ya miaka miwili, na tena baada ya mitano, wale wa Ibadan na Agra kwa ujumla walikuwa na hali nzuri kuliko wa London, Moscow au Washington. Wapo wanaosema hesabu zilikuwa na kasoro, na hoja zao ni za msingi. Lakini nilipokuja kusoma kazi ya Juli McGruder, Mmarekani aliyeishi na familia za wagonjwa Zanzibar katika miaka ya 1990, nilianza kuelewa hesabu hizo zilikuwa zinajaribu kugusa nini. Alizikuta familia ambazo hazikumwambia mgonjwa kila asubuhi kwamba ni mgonjwa. Ugonjwa ulipopanda walisema ni mashetani, ukitulia wakamwachia nafasi yake ya kawaida, afue, atumwe dukani. Imani ileile ninayoilalamikia kwa kuchelewesha sindano ilikuwa inafanya kazi nyingine kimyakimya: ilimwondolea mtu lawama, ikamwacha ndani ya nyumba.

Kaka hakuwahi kuondolewa ndani ya nyumba. Hata miezi ya kamba, sahani yake ilikuwa sahani ya wote.

Magoti ya mama mkubwa yalipokataa mlima, nilidhani daftari la saba litakuwa la mwisho. Mjomba ndiye aliyekuja akaliomba debe. Tangu hapo huwa wanashuka wawili, kaka mbele na mjomba nyuma kwa fimbo yake. Mwezi Machi nilishuka nao. Tulipofika kwenye benchi la kliniki walikuwapo wengine 11, kila mmoja na daftari lake. Muuguzi alikuwa binti mdogo, mgeni wa eneo hilo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Tumefika."

Alimgeukia kaka, akamtazama yeye, si mjomba. "Kaka, usiku unalala?"

"Nalala."

"Zile sauti?"

Kaka alifikiri. "Zipo. Ila siku hizi zinaongea kutoka mbali, kama watu walio ng'ambo ya mto. Naweza kuendelea na kazi yangu."

Aliyaandika maneno hayo kama yalivyo, mto na yote. Akamdunga sindano, akafungua ukurasa mpya wa daftari la nane, akaandika tarehe ya kurudi. Ilikuwa ya Aprili, katikati ya masika. Mjomba aliinama akaisoma, akatazama nje ambako mawingu yalikuwa yameanza kuushika mlima.

"Hiyo tutashuka siku moja kabla," alisema. "Tutalala hapa chini kwa shemeji, maji yakijaa yatukute upande huu."